Gavana wa Benki Kuu na Shilingi ya Mfugaji

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja wa kampeni ya mageuzi katika mkutano wa elimu ya uraia mjini Garissa)



Tulipopewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya Gavana, tulitambua kwamba neno lenyewe lina mtego. Tangu mwaka 2013, ukitamka neno hilo hapa Garissa watu huelekeza fikira zao kwenye ofisi za kaunti. Gavana huyo mnamjua. Mlimpigia kura au mlimnyima, na miaka mitano ikitimia mtamwita mbele yenu tena. Leo tunamzungumzia Gavana mwingine, ambaye hajapata kuja kuwaomba kura, wala hana bango barabarani. Hata hivyo yumo humu ukumbini. Toeni noti yoyote mliyo nayo mfukoni, mtaiona sahihi yake. Huyo ndiye Gavana wa Benki Kuu ya Kenya.

Wapo wanaosema kwamba mambo ya Benki Kuu ni ya wataalamu wa Nairobi, na kwamba mfugaji wa Garissa ana shida nyingine za kumshughulisha: mvua, malisho, usalama na kitambulisho. Sisi tunasema kinyume. Tunadai kwamba mageuzi ya vyama vingi hayawezi kukamilika iwapo kura itakombolewa na shilingi ikaachwa mateka. Na tunaongeza kwamba Gavana aliyekombolewa kutoka mkononi mwa mtawala hana budi kufungwa kamba nyingine, nayo ni ya kuwajibika kwa mwananchi.

Tuanze na kazi yenyewe. Serikali ina njia tatu za kupata fedha za kutumia. Yaweza kutoza kodi, na wananchi wakanung'unika. Yaweza kukopa, na wakopeshaji wakadai riba. Au yaweza kuigeukia Benki Kuu na kuiambia ilipe tu, hata kama katika akaunti ya Serikali hakuna kitu. Njia hiyo ya tatu haina kelele. Hakuna anayetumiwa mtoza kodi mlangoni. Lakini fedha zikiongezeka na mali ikabaki ileile, kila shilingi hupungua nguvu, na aliyeiweka akiba hujikuta ametozwa kodi ambayo Bunge halikuipitisha. Kodi hiyo ndiyo mfumko wa bei.

Ninyi mnakijua kisima. Wakati wa kiangazi, kisima huwa na mzee anayepanga zamu. Maji si yake, wala hawezi kuyaongeza. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwenye nguvu hatangulizi ngamia wake mia na kuacha matope kwa mwenye mbuzi wanane. Mzee huyo akiwa mtumishi wa tajiri mmoja, kisima hicho kina mwenyewe. Gavana amewekwa asimame hapo hapo.

Vyombo vyake si vingi. Akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Sera ya Fedha, iliyoanza kazi mwaka 2008, yeye na wenzake hutangaza riba ya msingi, ambayo benki zote huitazama zinapopanga bei ya mikopo. Benki Kuu huuza na kununua hati za Serikali ili kupunguza au kuongeza fedha zilizo katika benki. Huziamuru benki kuweka kwake sehemu ya amana zao. Hutunza akiba ya fedha za kigeni. Lengo la mfumko wa bei huwekwa na Waziri wa Fedha, na kwa miaka mingi limekuwa asilimia 5, kwa kupungua au kuzidi asilimia 2.5. Lakini namna ya kulifikia lengo hilo ni kazi ya Benki. Mwakilishi wa Hazina huketi katika Kamati hiyo bila kura.

Mtatuuliza: ikiwa chombo chake kikuu ni riba, sisi ambao dini yetu imetukataza riba anatugusaje? Swali hilo ni la haki. Ni kweli kwamba benki zinazofuata sharia zimekuwapo nchini tangu mwaka 2008 kwa leseni ya Benki Kuu yenyewe, na ni kweli kwamba wengi wenu hamjakopa benki hata mara moja. Gavana anawafikieni kwa njia nyingine. Sukari, mchele na mafuta ya gari hununuliwa nje kwa dola, kwa hiyo shilingi ikianguka Nairobi, bei hupanda dukani Garissa kabla habari haijasomwa redioni. Na mfugaji anapouza ng'ombe katika soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, hubadilisha mali inayotembea na kuzaa kwa karatasi. Tangu saa hiyo, thamani ya jasho lake imo mikononi mwa Gavana.

Sasa tuitazame historia, maana sheria bila historia ni maneno matupu.

Benki Kuu ya Kenya iliundwa mwaka 1966, baada ya Kenya, Uganda na Tanzania kuachana na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na kila nchi kuanzisha benki yake. Kwa miaka mingi Gavana aliteuliwa na Rais, na nchi ikaishi kwa kutumaini kwamba mteuzi na mteuliwa wote watakuwa waungwana. Matumaini hayo yalipimwa katika miaka ambayo kaskazini mashariki mnaikumbuka vyema. Mwaka 1991 ilifutwa sheria ya hali ya hatari iliyowakandamiza wazee wenu tangu miaka ya sitini. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo kikafutwa Kifungu cha 2A, na vyama vingi vikarudi. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada mwezi mmoja kabla. Uchaguzi ukafanywa tarehe 29 Desemba 1992.

Chama tawala kiliingia katika uchaguzi huo kikihitaji fedha, na fedha zikapatikana. Noti za shilingi 500 zilimwagwa kwa wingi kiasi kwamba wananchi waliipa noti hiyo jina la mwanasiasa kijana aliyeongoza kundi la kampeni. Wakati huohuo, kampuni ya Goldenberg International ilikuwa ikilipwa na Serikali fidia ya mauzo ya nje, ikidai kwamba inauza ng'ambo dhahabu na almasi za Kenya. Almasi nchi hii haikuwa nazo, na dhahabu ilikuwa kidogo mno. Mabilioni ya shilingi yalipitia katika Benki Kuu. Mlinzi wa hazina akawa mlango wa kutokea.

Sisi tunaozungumza nanyi leo tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo. Hatukujua Goldenberg ni kitu gani. Tulichojua ni kwamba sukari ilipungua kwenye chai, kisha chai ikapungua kikombeni. Tulipokuwa watu wazima tulizisoma takwimu tukaelewa. Mwaka 1992 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 27 hivi. Mwaka 1993 zikapanda kwa asilimia 46. Mwaka 1994 zikapanda tena kwa karibu asilimia 29. Ukizizidisha hesabu hizo, kapu lililonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka 1991 lilihitaji takriban shilingi 240 mwaka 1994. Dola ambayo kwa wastani ilinunuliwa kwa shilingi 32 mwaka 1992, mwaka uliofuata ilikuwa shilingi 58.

Mfikirieni mzee aliyeuza ng'ombe wake wawili mwaka 1991 akafunga fedha katika kitambaa, akitaraji kumsomesha mwanawe. Hakuna mwizi aliyemwingilia usiku. Fedha zake alizikuta zote, noti kwa noti. Lakini zaidi ya nusu ya thamani yake ilikuwa imeondoka. Mzee huyo hakulipwa hata noti moja ya kampeni, ila gharama ya kampeni aliilipa. Ndiyo maana tunasema kwamba mkono ulioiba uchaguzi na mkono ulioiba akiba ulikuwa mmoja.

Na ni nani aliyesimama kuzuia? Hakuwa Gavana, wala hakuwa Waziri. Alikuwa karani wa Benki Kuu, kijana David Munyakei, aliyeona hesabu ambazo hazikumwingia akilini. Nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 mambo yakawekwa wazi Bungeni. Munyakei alikamatwa, akafukuzwa kazi, na alifariki mwaka 2006 katika umaskini. Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 kuichunguza kashfa hiyo, ilitoa ripoti yake mwaka huohuo wa kifo chake. Nchi inayomtegemea karani afanye ujasiri ambao sheria haikumwezesha Gavana kuufanya, nchi hiyo haina taasisi. Ina bahati tu.

Mwezi wa Julai mwaka 1993 Micah Cheserem alichukua ugavana. Benki zilizohusika na kashfa zikafungwa. Hati za Hazina zikauzwa kwa wingi ili kuzifyonza fedha zilizomwagwa, na riba yake ikapita asilimia 70. Dawa hiyo ilikuwa chungu. Mfanyabiashara mwaminifu aliyekuwa na mkopo aliumia kwa dhambi asiyoitenda. Lakini mwaka 1995 mfumko wa bei ulishuka hadi chini ya asilimia 2.

Wapo watakaotuuliza: je, Cheserem hakuteuliwa na Rais yuleyule? Ndivyo. Hatukatai kwamba tabia ya mtu ina uzito wake. Lakini alipata nafasi ya kufanya kazi kwa sababu uchaguzi ulikwisha pita, hazina ilikuwa tupu, na wafadhili walikuwa mlangoni. Sisi hatutaki uhuru wa Gavana uwe zao la msiba. Tunautaka uwepo mwaka wa uchaguzi, siku ambayo mwenye nguvu anauhitaji usiwepo.

Ninyi mna mfano mwingine jirani, pengine bora kuliko wetu. Januari 1991 Serikali ya Somalia ilianguka, na Benki Kuu yake ikaanguka nayo. Wataalamu wengi wangetabiri kwamba shilingi ya Somalia ingekufa siku ya pili. Haikufa. Noti za zamani ziliendelea kupokewa sokoni, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzichapisha nyingine. Balaa lilikuja pale wababe wa vita na wafanyabiashara walipoagiza noti mpya ng'ambo kwa faida yao wenyewe. Hapo thamani iliporomoka, mpaka noti ya shilingi 1,000 peke yake ndiyo iliyobaki na maana. Wafanyabiashara wa mifugo wanaovuka mpaka wanaijua habari hiyo kuliko sisi. Tunaitaja ili tuseme hivi: kukosekana kwa Gavana kuliiacha sarafu ikiwa dhaifu, lakini kilichoimaliza ni mchapishaji asiye na wa kumzuia. Kenya ya mwaka 1992 ilikuwa na jengo la Benki Kuu, na ilikuwa na Gavana. Wa kumzuia mchapishaji hakuwapo.

Baada ya mateso hayo sheria ilianza kubadilika. Marekebisho ya mwaka 1996 yaliifanya kazi ya kulinda uthabiti wa bei kuwa lengo kuu la Benki. Sheria imeweka mpaka wa deni la muda ambalo Benki Kuu yaweza kuipa Serikali: lisizidi asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida, kwa mujibu wa hesabu za karibuni zilizokaguliwa. Gavana ana kipindi cha miaka minne, kinachoweza kurudiwa mara moja tu. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 231 kimeipa Benki Kuu kazi ya kutunga sera ya fedha, kulinda uthabiti wa bei na kutoa sarafu, na kimetamka kwamba katika kazi hizo haitakuwa chini ya amri wala udhibiti wa mtu au mamlaka yoyote. Kifungu hichohicho kimekataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu. Wengine waliona ni jambo dogo. Sisi tuliona ni fundisho kubwa: shilingi si mali ya aliyepo Ikulu. Noti mpya zilipotolewa mwaka 2019, sura ya mtawala haikuwa mbele yake kama ilivyozoeleka.

Je, kazi imekwisha? Haijakwisha, na matukio mawili yatatuonyesha ni kwa nini.

La kwanza ni la mwaka 2011. Mwanzoni mwa mwaka huo riba ya msingi ilikuwa asilimia 5.75. Bei zilikuwa zinapanda, shilingi ilikuwa inateremka, na Benki Kuu ikachelewa kuchukua hatua kali. Mwezi wa Oktoba dola moja ilifika karibu shilingi 107. Mwezi wa Novemba mfumko wa bei ulikaribia asilimia 20. Ndipo riba ikapandishwa kwa haraka hadi asilimia 18 mwezi wa Desemba. Na mwaka huo hapa kwenu ulikuwa mwaka gani? Ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa, mifugo ikifa njiani na wakimbizi wakimiminika Dadaab. Mfugaji alipigwa pande mbili: mali yake ilikuwa inakufa, na shilingi aliyopata kwa kuuza mnyama aliyekonda ilikuwa inakufa pia. Safari hii hakuna aliyethibitishwa kumwamuru Gavana. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza kuporomoka kwa shilingi, na likafanya vyema, kwa maana Gavana huru naye hukosea. Uhuru wake haumpi haki ya kutokuulizwa.

Tukio la pili tunalitaja kwa uchungu. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, zile mnazoziita hawala. Hatusemi kwamba Serikali haikuwa na haki ya kuzisaka fedha za wauaji. Ilikuwa na haki, tena ilikuwa na wajibu. Tunachosema ni kwamba mlango mmoja ulifungwa, na waliobaki nje ni mama anayetumiwa fedha za chakula na mwanawe aliye ng'ambo, na mfanyabiashara ambaye mzigo wake unalipiwa kwa njia hiyo. Hao hawakutuhumiwa kwa lolote. Leseni zilirudishwa mwezi wa Juni mwaka huohuo. Karibu kipindi chote hicho cha katikati Benki Kuu iliongozwa na kaimu, kwa sababu kipindi cha Gavana Njuguna Ndung'u kilikuwa kimekwisha mwezi wa Machi na mrithi wake, Dkt. Patrick Njoroge, aliingia ofisini mwezi wa Juni. Kiti cha ulinzi hakipaswi kuachwa na kaimu wakati wa dhoruba.

Kwa hiyo, ndugu zetu, madai yetu ni manne, na tunaomba myachukue yawe yenu.

Kwanza, nafasi ya Gavana itangazwe mapema kabla kipindi cha aliyepo hakijaisha, waombaji wahojiwe hadharani, na Bunge la Taifa, ambalo idhini yake inahitajika kisheria, lisiwe mhuri wa mpira. Wabunge wenu wanapiga kura katika jambo hilo. Waulizeni walipigaje.

Pili, kila mwezi, na hasa mwaka wa uchaguzi, wananchi waambiwe waziwazi Serikali imechukua kiasi gani kutoka Benki Kuu ikilinganishwa na ile asilimia 5 ya sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Goldenberg iliishi miaka kadhaa kwa sababu daftari lilifungiwa ndani.

Tatu, uamuzi wa Kamati ya Sera ya Fedha ufikishwe kwa wananchi kwa Kiswahili na kwa Kisomali, pamoja na sababu zake. Mtu hawezi kumwajibisha mlinzi ambaye lugha yake haielewi.

Nne, Benki Kuu inapotaka kufunga njia ambayo maelfu ya watu hupitishia riziki yao, izingatie Kifungu cha 47 cha Katiba: hatua iwe ya haki, waathiriwa wasikilizwe, na sababu zitolewe kwa maandishi. Mwenye hatia aadhibiwe kwa jina lake. Jimbo zima lisiadhibiwe kwa niaba yake, kwa kuwa mlikwisha onja adhabu ya namna hiyo kwa karibu miaka thelathini ya hali ya hatari.

Hatuombi Gavana awe adui wa Serikali. Serikali iliyochaguliwa ina haki ya kuwa na mipango yake, kutoza kodi na kukopa, na kuhukumiwa na wapiga kura kwa hayo. Tunaomba tu kwamba ikitaka fedha ije iombe mchana, mbele ya Bunge, isipitie nyuma ya nyumba usiku ikachukua akiba ya mzee iliyofungwa katika kitambaa.

Mtakapotoka hapa mtakwenda sokoni, mtapokea noti na kutoa noti. Itazameni ile sahihi. Mwenye sahihi hiyo hamkumchagua, na hatudai mmchague, maana mzee wa kisima akianza kutafuta kura atawapa maji wale wanaompigia makofi. Lakini anawatumikia ninyi, na ni haki yenu kumuuliza maji yamekwenda wapi.